Ladha ya Manjano

Mwalimu wa darasa la watoto wadogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Rangi, alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuuachia hata mbele ya wakaguzi: mtoto hafundishwi rangi kwa kukaririshwa. "Ukimwimbisha mtoto 'nyekundu, nyekundu' kutwa nzima," alipenda kusema, "umemfundisha wimbo, hujamfundisha rangi." Kwa imani yake, rangi ilipaswa imwingie mtoto kwa kila mlango alionao: aione, aishike, aikimbilie, aigombanie na mwenzake, na mwishowe aile.

Kwa ajili hiyo alibuni michezo. Kulikuwa na mchezo wa vifuniko vya chupa, ambavyo watoto walivitafutia jamaa zao katika visanduku vilivyopakwa rangi. Kulikuwa na mchezo wa kukimbilia: yeye hutaja rangi, nao hutimka kwenda kugusa chochote chenye rangi hiyo, hata kama ni sketi ya mwalimu, na sketi zake zote zilikuwa na viraka kwa sababu ya elimu. Lakini mchezo uliompa sifa ulikuwa ule wa Kuonja Rangi. Mtoto hufungwa kitambaa machoni, huambiwa, "Fungua mlango!", naye hufungua kinywa. Bibi Rangi humtilia kipande cha nyanya, cha tango, cha karoti au cha limau. Mtoto hutafuna, wenzake hushika mbavu kwa kicheko, kisha yeye hupaza sauti: "Kijani!" Kwa limau hata asiyejua kitu alijua, maana uso ulijibu kabla ya ulimi. Buluu ndiyo iliyomtesa mwalimu, kwa kuwa hakupata chochote cha buluu kinacholika. Mwishowe akaamua kwamba buluu ni maji matupu, na watoto wakakubali bila ubishi. Watoto hukubali lolote linalosemwa na mtu wanayempenda.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa binti yake, aliyebandikwa jina la Kasuku kwa sababu tangu alipoanza kusema hakuwahi kunyamaza. Kasuku alizijua rangi zote, na zile asizozijua alizitungia majina: rangi ya paka aliyelowa, rangi ya Babu akikasirika. Mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alimleta kila asubuhi, akamsukuma mlangoni na kushusha pumzi.

"Mama, mpokee mgonjwa wako wa maneno," alimwambia Bibi Rangi. "Masikio yangu nimeyaacha nyumbani yapumzike."

"Wewe ulikuwa hivyo hivyo. Tena ulizidi."

"Mimi? Mama, usinisingizie mbele ya mtoto!"

Shule yenyewe ilikuwa katika jengo kuukuu lililowahi kuwa karakana. Mkurugenzi, mtu nadhifu mwenye kauli laini na funguo nyingi kiunoni, alilikodi, akalipaka nyeupe ndani na nje, akatundika kibao, na watu wakampa hongera. Chumba cha mwisho, ambacho bomba la maji lilipita ndani ya ukuta wake, ndicho walichopumzikia watoto baada ya chakula cha mchana. Kilikuwa na mikeka, kidirisha kimoja cha juu, na ubaridi usioisha hata jua likiwaka. Hakuna aliyependa kukaa humo peke yake. Hata mfagizi alifagia akiwa ameuegemeza mlango kwa ndoo ili usijifunge.

Mambo yalianza katika msimu wa mvua. Siku hiyo alikuwa amefungwa kitambaa mtoto mmoja mnene, mcheshi, ambaye wenzake walimwita Bosi. Bibi Rangi akamtilia limau. Bosi akakunja uso, akatema mate, akatikisa kichwa.

"Haya Bosi, rangi gani?"

"Sijui."

"Hujui? Limau hili! Si manjano?"

"Siyo manjano," Bosi akasema, kitambaa bado kikiwa machoni. "Manjano ni tamu."

Bibi Rangi akasubiri kicheko. Hakikuja.

"Aa, unasema ndizi mbivu."

"Siyo ndizi."

"Embe?"

"Siyo embe."

Ndipo mtoto wa pili, bila kuulizwa, akasema polepole, "Manjano ni tamu." Wa tatu akafuata, na wa nne, mpaka darasa zima likawa linasema, si kwa ubishi wala kwa mzaha, bali kwa sauti ya chini ya watu wanaotunza jambo lao. Hawakuwa wakimtazama mwalimu. Walikuwa wakiutazama mlango wa chumba cha kupumzikia.

"Kasuku," akamwita mjukuu wake. "Umeonja wapi manjano tamu?"

Kasuku, ambaye siku zote alikuwa na majibu hata ya maswali yasiyoulizwa, akaweka kidole juu ya midomo yake.

Bibi Rangi alikwenda moja kwa moja jikoni. "Wewe, umewapa watoto kitu gani cha manjano?"

Mpishi, mwanamke mwenye mikono mikubwa na ulimi wa haraka, hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Chakula changu kina rangi moja tu, Mwalimu, rangi ya chakula. Na siku hizi hawakimalizi. Nilidhani ni wewe unayewashibisha kwa michezo yako." Kisha akapunguza sauti. "Lakini nikuulize. Hao watoto mbona wametulia hivyo? Wangu mimi nyumbani, wakinyamaza, najua kuna kitu kimevunjika. Hawa wa kwako wakiingia kulala husikii hata kikohozi. Napita pale mlangoni mbio mbio, wallahi."

Bibi Rangi alijaribu kulipuuza jambo hilo, na kila mtu alimsaidia kulipuuza. Wazazi walifurahi kwamba watoto wao wamekuwa na adabu. Mkurugenzi alimpongeza: "Nidhamu imepanda, Mwalimu. Endelea hivyo hivyo." Ni aibu yetu sote kwamba mtoto aliyenyamaza huhesabiwa kuwa mtoto aliyefundishwa, na kwamba darasa lililopoa kama kaburi hupewa sifa na watu wazima wenye akili zao timamu. Bibi Rangi alikuwa amelipigia kelele jambo hilo maisha yake yote. Na sasa, akisifiwa kwa ukimya asiojua umetoka wapi, alisema asante.

Lakini Kasuku alikuwa akipungua. Alilalamika tumbo, kisha akaacha hata kulalamika. Na rangi zilianza kumtoka, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoondoka katika nyumba bila kuaga. Kahawia ilitangulia, zambarau ikafuata, na asubuhi moja akaishika karoti mkononi, akaigeuza huku na huku, akasema, "Hii ni ile." Majina aliyoyatunga mwenyewe yalikuwa yamekwisha yote. Bibi Rangi, aliyeweza kuvumilia mengi, hakuweza kulivumilia neno hilo "ile". Aliamua kwamba atamrudishia mtoto rangi zake, na kama kuna mtu au kitu kinachomnyang'anya, atakijua.

Akaanza na mchezo wa kukimbilia. "Nyekundu!" akaita uani. Watoto wakabaki wamesimama. "Kijani!" Wakaangalia miguu yao. Kwa kukata tamaa akaita, "Manjano!"

Wakageuka wote kwa pamoja. Hawakukimbia, walitembea, kama watu walioitwa kutoka ndani, wakapita darasani, wakaingia katika chumba cha kupumzikia na kupanga mstari mbele ya ukuta mweupe. Kila mmoja akaweka viganja vyake ukutani.

Bibi Rangi aliwafuata mpaka ndani. "Hapa hakuna manjano," akasema, na sauti yake ikamrudia kutoka pembe za chumba. "Ukuta huu ni mweupe."

Kasuku akamgeuzia uso. "Imelala ndani, Bibi," akasema. "Usiiamshe."

Usiku huo na usiku uliofuata mwalimu huyo, aliyekuwa akiwacheka wanawake wa mtaani waliosema jengo lile lina wenyewe, hakuwa na kicheko. Lakini alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Mchana mmoja, watoto walipokwisha kuingia kulala, alivua viatu, akanyata ukumbini, akausukuma mlango taratibu.

Mikeka ya katikati ilikuwa mitupu. Watoto walikuwa wamelala wamejipanga kando ya ukuta, migongo yao ikiwa kwake na nyuso zao zikiwa zimeugusa ukuta. Chumba hakikuwa kimya kama alivyosema mpishi. Kulikuwa na sauti ndogo, laini, isiyokatika, kama ya paka wengi wanaokunywa maziwa. Hakuna aliyegeuka. Alisogea, akapiga magoti, akamshika Kasuku bega, na mtoto akageuka bila kushtuka, macho yake nusu yamefumba, midomo imejaa unga mweupe, na katikati ya meno yake kukiwa na manjano.

Ndipo Bibi Rangi alipoutazama ukuta. Unyevu wa bomba ulikuwa umeivimbisha rangi nyeupe ikafanya malengelenge, na malengelenge yakapasuka. Kutoka pembe hadi pembe, kwa kimo cha mtoto aliyelala, nyeupe haikuwepo tena. Palikuwa na mchirizi wa manjano makali ya karakana ya zamani, umelowa mate, unang'aa, na una alama za meno madogo.

Alibambua gamba moja kwa ukucha, akalitia ulimini. Lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu kwa utamu mwepesi, wa kubembeleza, na kwa kitambo kifupi ambacho angekionea haya maisha yake yote, ulimi wake ulitaka jingine. Akalitema kiganjani. Akakumbuka ni nani aliyewafunga watoto hawa macho na kuwaambia wafungue mlango. Ni nani aliyewafundisha kwamba rangi, ukitaka kuijua kweli kweli, huliwa.

Alasiri hiyo hiyo yeye na binti yake walimpeleka Kasuku hospitali. Daktari, mwanamke mwenye uso wa uchovu, aliuliza kuhusu jengo, akachukua damu, na majibu yalipotoka akafunga mlango wa ofisi kabla ya kusema.

"Ni madini ya risasi," akasema. "Rangi nyingi za zamani zilichanganywa nayo. Ina utamu, ndiyo maana watoto huirudia. Ikiingia kwenye damu huenda mpaka kwenye ubongo. Tutampa dawa ya kuiondoa damuni. Lakini kilichokwisha kuguswa kichwani, mama, siwezi kukuahidi kwamba kitarudi."

"Mtoto wangu hajawahi hata kula udongo," fundi cherehani akasema. Alikuwa amemkumbatia Kasuku kama anayeogopa kuporwa. "Nani amempa wazo la kulamba ukuta? Mama, wewe uko nao kutwa. Nani?"

Bibi Rangi alitazama sakafu. Alikuwa na jibu, tena lilikuwa fupi. Hakulitoa.

Kesho yake alimkuta Mkurugenzi ofisini, akamweleza yote: bomba, ukuta, damu. Mkurugenzi alisikiliza kwa adabu, akizungusha funguo zake.

"Fundi rangi aliniambia tuibambue ile ya zamani kwanza," akasema. "Nikamwambia wazazi wanasubiri shule, hawasubiri ubambuaji. Sasa usijali. Nitapaka tena, nyeupe nzito, na bomba nitalifunga. Itakuwa kama haikutokea."

"Imekwisha kutokea. Watoto wote wanatakiwa wapimwe damu. Wazazi waambiwe leo."

"Waambiwe." Mkurugenzi akatabasamu. "Sawa, Mwalimu. Na watauliza: watoto walijuaje kula rangi? Mimi sikumfunga mtu kitambaa. Mimi sikumwambia mtu afungue mlango." Akaziweka funguo mezani taratibu. "Mimi nitanyamaza, na wewe unyamaze. Una mjukuu mgonjwa na binti anayekuamini. Kwa nini uwapoteze wote wawili?"

Hebu tulitazame neno hilo vizuri, maana limejenga majengo mengi kuliko saruji. Mtu mwenye hatia kubwa humtafuta mwenye hatia ndogo, humshika mkono, humwambia tufunikane. Hivyo ndivyo kuta zetu zinavyopakwa nyeupe. Na ni lazima isemwe kwamba Bibi Rangi hakuikataa biashara hiyo pale pale. Alitoka ofisini, akarudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Aliwaza uso wa binti yake. Kisha akamwaza Bosi, ambaye hakuwa na bibi shuleni wa kumpeleka hospitali, na ambaye kesho mchana angelala tena ameuelekea ukuta.

Asubuhi aliwatangulia wote. Wazazi walipofika walimkuta amesimama katika mlango wa shule, mikono ameitandaza kwenye miimo.

"Hakuna mtoto atakayeingia," akasema.

"Kulikoni, Mwalimu?" baba mmoja akauliza, akicheka. "Mmegoma?"

Akawaambia. Aliwaambia kuhusu rangi ya zamani iliyofunikwa badala ya kubambuliwa, na kuhusu Mkurugenzi aliyeonywa na fundi wake. Akawataka wawapeleke watoto wakapimwe damu siku hiyo hiyo. Angeweza kuishia hapo. Wengi wetu tungeishia hapo. Wakati huo huo alimwona binti yake nyuma ya watu, aliyekuja peke yake kuchukua mkeka na kikombe cha Kasuku.

"Na liko langu," akasema. "Mimi niliwafundisha kuonja rangi. Niliuona ni mchezo mzuri. Walipoiona rangi ukutani walifanya nilivyowafundisha."

Fundi cherehani akapenya katikati ya watu mpaka akasimama mbele ya mama yake.

"Ulijua jambo hili juzi, tulipokaa pale kwa daktari?"

"Nilijua."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukatazama chini." Binti hakupaza sauti. "Mkeka mtaubakiza. Sitaki kitu cha humu ndani."

Akaondoka. Mkurugenzi akafika wakati huo, akishuka garini na tabasamu lake. "Jamani, jamani, Mwalimu amechoka tu..."

"Fundi alikwambia ubambue au hakukwambia?" akauliza yule baba aliyekuwa akicheka.

Mkurugenzi akatazama funguo zake.

"Sasa mimi leo huyu namwacha wapi, nina kazi," mama mmoja akanung'unika. Lakini alipokuwa akisema alikuwa amekwisha kumshika mwanawe mkono. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Na Bibi Rangi, aliyebaki mlangoni, aliona jambo ambalo hakumweleza mtu kwa muda mrefu. Watoto walipokuwa wakivutwa kwenda barabarani, vichwa vyao vyote viligeuka upande mmoja, kuelekea ukuta wa chumba cha mwisho, ambao kutoka nje haukuwa na alama yoyote. Waliendelea kuutazama mpaka kwenye kona. Bosi alikuwa akijiramba midomo.

Watu wa afya walilifunga jengo. Bibi Rangi hakuajiriwa tena mahali popote, kwa kuwa shule humwogopa mwalimu anayesimama mlangoni. Mkurugenzi alifungua shule nyingine katika mtaa mwingine, na inasemekana imepakwa vizuri sana. Mwenye kutaka kukasirika ana ruhusa.

Mvua zilikuwa zimekwisha kitambo siku fundi cherehani alipobisha kwa mama yake. Hakuketi.

"Nina mzigo wa sare za kushona, sina wa kuniangalizia mtoto," akasema, akitazama dirishani. "Utakuja kwangu, utakaa naye. Lakini hutamfundisha kitu, Mama. Si rangi, si namba, si wimbo. Utakaa naye tu."

"Nimekubali, mwanangu."

"Naomba uape."

Akaapa.

Kwa siku nyingi walikaa uani, bibi na mjukuu, bila kusema. Dawa ilikuwa imemrudishia Kasuku hamu ya kula na nyama mashavuni, lakini sauti haikurudi. Alitazama vitu kwa muda mrefu, kama mgeni katika nyumba ambayo amewahi kuambiwa habari zake. Bibi Rangi aliweka mikono mapajani na kuufunga ulimi wake. Ndani mashine ilikuwa ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama.

Mchana mmoja kulikuwa na vitambaa vimeanikwa kwenye kamba baada ya kuloweshwa. Upepo ukavijaza. Kasuku akanyanyua mkono, akaonyesha kitambaa kimoja cha buluu, buluu safi isiyo na mjadala, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Nyekundu," akasema.

Ndani, mashine ilisimama. Bibi Rangi alijua kwamba binti yake amesikia, na kwamba nyuma ya dirisha anasubiri. Jibu sahihi lilimjia kwa nguvu za mazoea yote ya maisha yake, lakini alikuwa ameapa. Na kusema "ndiyo" kungekuwa kuupaka ukuta nyeupe tena.

"Iko wapi?" akasema mwishowe. "Nionyeshe."

Kasuku akamshika kidole, akamwinua, akaanza kumvuta kuelekea kwenye kamba. Mashine ilikuwa bado kimya. Mtoto akasema neno lile tena njiani, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, na bibi yake akamfuata, meno ameyabana.